Tunguu, Kituo Kilichosikiliza Anga

Sisi tunaoishi Sterling tumezoea kuwapeleka wanetu kwenye jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, kule Chantilly, kando ya uwanja wa ndege wa Dulles. Si mbali, na kiingilio ni bure (maegesho ya gari ndiyo yanayolipiwa). Tangu Aprili 2012 wanaikuta humo Discovery, chombo kilichokwenda angani mara 39. Watoto hushangaa, nasi hushangaa pamoja nao. Kisha tunarudi nyumbani bila kuwaambia kwamba Unguja nayo ilikuwa na sehemu katika kazi hii, tena mapema kabisa, kabla Discovery haijawa hata mchoro.

Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga kituo cha mawasiliano ya anga Zanzibar. Tuseme wazi: waliokubaliana ni hao wawili, kwa kuwa visiwa vilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza. Kituo kikajengwa Tunguu. Kilikuwa kimoja kati ya vituo 18 vya mradi wa Mercury vilivyoizunguka dunia, vingine vikiwa ndani ya meli.

Kwa nini Unguja? Jibu ni la jiografia. Chombo kilichorushwa kutoka Florida kuelekea mashariki kilipita juu ya visiwa vya Kanari, kikapita Kano huko Nijeria, kikakata bara la Afrika na kutokea pwani yetu, kisha Bahari ya Hindi hadi Australia. Mawimbi ya redio yaliyotumika hayapindi kuifuata dunia ilivyo duara, kwa hiyo kila kituo kilimsikia mwanaanga kwa dakika chache tu, kikampokeza kwa kituo cha mbele. Antena za Tunguu zilipokea vipimo vya chombo na vya mwili wa aliyekuwa ndani yake, na watu wa kituo walizungumza naye. Habari zote zilikusanywa Goddard, mjini Greenbelt, Maryland. Kutoka hapa kwetu ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ikiwa barabara ya mzunguko itakuwa na huruma siku hiyo.

John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwa kazini. Mwaka uliofuata, tarehe 15 na 16 Mei, Gordon Cooper alizunguka mara 22. Wakati huo wajumbe wa Afrika walikuwa wakikutana Addis Ababa kuandaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliozaliwa tarehe 25 ya mwezi huo. Cooper aliwatumia salamu kutoka angani, akisema kuwa ameipita Addis Ababa dakika chache tu zilizopita na sasa anapita Zanzibar, na akawatakia viongozi mafanikio. Salamu hizo zilikuwa na siasa ndani yake, hilo halifichiki. Hata hivyo, wangapi kati yetu tulifundishwa shuleni kwamba jina la Zanzibar lilitamkwa angani miezi saba kabla ya visiwa kupata uhuru?

Visiwani kwenyewe kituo kilipingwa. Wanasiasa na vijana wao walikiita kituo cha makombora, wakataka kiondolewe. Sisi wahandisi tuna tabia ya kucheka madai ya namna hii, maana antena ya kusikiliza haiwezi kurusha kitu. Lakini tuwatendee haki wazee wetu. Roketi ya Atlas iliyombeba Glenn ilikuwa imeundwa kwanza kama kombora la nyuklia. Na maelezo kwamba Tunguu hakuna silaha yalitoka kwa Mwingereza na Mmarekani, yaani wale wale waliokuwa wakitiliwa shaka. Mtu asiyefundishwa namna mawimbi ya redio yanavyofanya kazi atapimaje maneno ya mgeni, isipokuwa kwa kumtazama mgeni mwenyewe?

Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na Wamarekani wa kituo wakaondolewa na familia zao kwa meli ya kivita. Serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke, na Aprili 1964, mwezi ule ule wa Muungano, habari ya Tunguu ikaisha.

Huko Kenya mambo yalikwenda vingine. Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, na kuanzia 1967 hadi 1988 walirushia setilaiti hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliruka setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksrei kutoka kwenye nyota. Marjorie Townsend wa Goddard, aliyeusimamia mradi, aliipa jina la Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo. Lakini setilaiti ya kwanza iliyoundwa na Wakenya wenyewe, wakishirikiana na Waitaliano na Wajapani, ilingoja hadi 2018.

Tofauti iko hapo. Mwaka 2022 wahandisi watatu vijana wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, waliunda PearlAfricaSat-1 wakiwa wanafunzi katika chuo cha teknolojia cha Kyushu, Japani. Ni kisanduku cha sentimeta kumi kila upande. Kiliondoka tarehe 7 Novemba kutoka Wallops, hapa hapa Virginia, ndani ya chombo cha mizigo kinachoongozwa kutoka Dulles, jirani zetu kabisa. Safari hii Mwafrika hakuwa jirani wa antena. Yeye ndiye aliyeshika kifaa cha kulehemu.

Na nyumbani wapo wanaofundisha. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewaeleza watu elimu ya nyota kwa miaka mingi, na kwa Kiswahili. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, maelfu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kulitazama. Nchini Kenya, Susan Murabana huzunguka na darubini mashuleni. Mtoto aliyeiona Zohali na pete zake kwa jicho lake mwenyewe hahitaji balozi wa kumhakikishia.

Tunakusanya kumbukumbu za Tunguu kwa ajili ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi. Msomaji mwenye mzee aliyefanya kazi kituoni, au aliyeishi jirani, au hata aliyeandamana kukipinga, tafadhali amuulize na atuandikie. Picha pia zinakaribishwa, tutazirudisha salama.