Waya wa bluu na betri ya Susu

Watu wangu wa Kitui na Makueni, leo acha niongee kuhusu ule waya mwembamba wa bluu. Mafundi wanauita rimoti. Wengi wetu tunaudharau.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia miaka ya 1980, sola iliingia vijijini Kenya bila kungoja nguzo za stima. Mtu alijikusanya, akanunua paneli ndogo na betri ya volti 12, akaunganisha redio ama televisheni ndogo. Volti 12 ndizo za gari pia. Ndiyo maana redio ya gari ilihamia sebuleni, na amplifaya ya gari ikaifuata.

Sasa, amplifaya ya gari kwa kawaida haina swichi. Waya mnene mwekundu unaileta moto moja kwa moja kutoka kwa betri, halafu inangoja. Ukiwasha redio, redio inatuma volti 12 kwa waya wa bluu, amplifaya inaamka. Ukizima, inalala. Kazi yake ni kuhakikisha gari halikatai kuwaka asubuhi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Likizo moja nilimfungia Susu muziki kwake, upande wa Mutomo, nikitumia simu badala ya redio ya gari. Simu haina waya wa rimoti, kwa hivyo nikaunganisha rimoti na chanya kwa kipande cha waya. Muziki ukalia, nikasifiwa, nikarudi Nairobi.

Amplifaya haikulala tena. Piga hesabu: ikikula ampia 1 tu mchana na usiku, hizo ni ampia-saa 24, karibu nusu ya betri ya 50. Mvua ya Novemba ikaja na mawingu yake, betri ikaisha kabisa. Redio ya Susu ilitegemea betri hiyo hiyo. Tangazo la kifo cha rafiki yake wa kanisani likasomwa, yeye akajua baada ya mazishi.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwani hiyo kitu yako huwa hailali?"

Mwaka wa 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, na stima ikafika boma nyingi. Watu wakaona mambo ya kulinda betri yameisha. Hapo ndipo sikubaliani. Amplifaya isiyolala sasa inakula tokeni, na tokeni pia huisha usiku.

Kwa hivyo, kama mfumo wako ni wa volti 12, weka swichi ndogo kwenye waya wa rimoti. Kama amplifaya ni ya stima ya volti 240, mwite fundi wa umeme afunge relei, usijaribu mwenyewe.

Kwa Susu nilinunua betri nyingine na swichi nyekundu. Anaizima mwenyewe kabla ya kulala. Kwenu mmefunga vipi?