Njia ya Mbao, Njia ya Picha

Mwaka jana, kwenye jengo moja la maduka jijini Dar es Salaam, nilivishwa miwani ya uhalisia pepe nikafungwa mkanda kwenye kiti kinachotikisika. Macho yakaporomoka bondeni, tumbo likabaki juu. Dakika tatu tu, nikashuka nimeshika ukuta.

Kiti kile kilinijia akilini Mkumbara, stesheni ya reli ya Tanga ukishapita Mombo, nilipoinua shingo kuutazama ukuta wa Usambara. Karibu na mwaka 1910 Wajerumani walijenga hapa njia ya waya, kilometa 9 hivi, hadi msitu wa Shume, ambako wao walikuita Neu-Hornow. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilipasua mbao huko juu. Mitambo ya waya ilitoka kwa Bleichert wa Leipzig. Mbao za mwangati, nyekundu, zenye harufu, zile zinazochongwa penseli, zilining'inia juu ya magenge, nguzo hadi nguzo, mpaka kando ya behewa. Sidhani nchi hii imewahi kuwa na bembea ya kutisha kama ile, na ilijengwa kwa ajili ya magogo!

Picha ilikuja baadaye, milima hiyohiyo. Mwaka 1935, huko Vugiri juu ya Korogwe, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha jaribio la sinema kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametoa filamu 35: kilimo, safura, akiba ya posta. Zilijaa mahubiri ya mkoloni, sizisifii. Ila ufundi wao naupenda: sauti haikuwa kwenye mkanda, ilikuwa kwenye santuri, hivyo lugha ilibadilishwa bila kugusa picha. Lori likaizungusha sinema hiyo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikaa chini gizani, ulimwengu ukawafuata walipo.

Mwendo na picha vilikuja kufungwa nira moja mwaka 2015, Europa-Park, Ujerumani. Abiria wa Alpenexpress, kigari kinachokimbia kwenye reli za mchezo, walivaa miwani. Kompyuta ikajua kigari kimefika wapi relini, picha ikakata kona pamoja na mwili. Kiti changu cha Dar kilitikisika tu, hakikwenda popote, na sikio la ndani halidanganyiki kirahisi.

Nikapanda basi la Lushoto. Kwenye kona za kuelekea Soni, mtoto wa kiti cha mbele alikuwa ameinamia simu, mbio za magari; la kwenye simu likienda kushoto, letu linakwenda kulia. Akaanza kumeza mate. Konda, bila kuacha kuhesabu nauli, akamgusa mama yake begani.

"Mama, mwambie atazame nje."