Nani atampokea mtoto? Wakunga wa barabara ya Jinja na Mbale

Vijana wenzetu, wiki hii tunaandika historia, lakini imeanzia kwenye swali la leo. Dada mmoja wa kundi letu hapa Jinja, mwenye mimba ya miezi saba, alituuliza: "Nani anamjua mkunga mzuri wa kunizalishia nyumbani?" Si kwamba anachukia hospitali. Kule alikoenda kupima mara ya kwanza alifokewa kwa lugha asiyoijua, akatoka analia.

Kwetu Kongo swali hilo angelijibu koko wake. Koko alijua ni mama gani ana mkono mzuri, na ni nani mikononi mwake watoto wamepotea. Sisi tulikimbia, koko akabaki. Basi tukaanza kuulizauliza wenyewe, Jinja na hadi Mbale, na tukajikuta tunafuatilia mambo ya miaka zaidi ya mia.

Mkunga wa jadi Waganda wanamwita mulerwa, na jina hilo unalisikia mpaka Busoga. Hakuwa na cheti. Alikuwa mama mtu mzima, mara nyingi ndugu au jirani, aliyejifunza kwa mama yake au shangazi yake. Alijua dawa za majani, kama ile emmumbwa inayofinyangwa kwa udongo na mitishamba. Cheti chake kilikuwa wanawake aliowazalisha na bado wako hai, wanapita njiani na watoto wao. Ukitaka kumchunguza, unawauliza hao.

Halafu kikaja cheti cha karatasi. Hospitali ya Mengo ilianzishwa 1897 na daktari Albert Cook, na nesi Katharine Timpson, ambaye baadaye akawa mke wake, ndiye aliyesukuma kazi ya kufundisha wakunga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakafungua pale shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Upande wa Wakatoliki, Mother Kevin, yule watu wanayemwita Mama Kevina, alifika Nsambya 1903, na masista wake nao wakafundisha wakunga. Wasichana waliohitimu walitumwa kwenye nyumba ndogo za uzazi huko mashambani.

Faida ilikuwepo: mikono safi, mtihani, jina kwenye rejista. Lakini mulerwa akaanza kuonekana mshamba tu. Shule zilikuwa chache na vijiji vingi, kwa hiyo wamama wengi waliendelea kuzaa kwake, sasa akidharauliwa na wenye vyeti.

Mwaka 1987 mkutano mkubwa kuhusu uzazi salama ulifanyika Nairobi. Enzi hizo serikali nyingi, Uganda ikiwemo, zilikubali kuwafundisha wakunga wa jadi badala ya kupigana nao. Na hapa historia inapita mlangoni kwetu. Iganga iko kwenye barabara hii hii ya kutoka Jinja kwenda Mbale. Mwaka 1996, kwa msaada wa UNFPA, ulianza pale mradi ulioitwa RESCUER. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi, vituo vya afya vikawekewa redio, na gari la wagonjwa nalo likawa na redio. Mama akikwama usiku, mulerwa anaita, gari linakuja. Waliopelekwa hospitali mapema waliongezeka.

Ukiuangalia vizuri, mradi ule haukumgeuza mulerwa kuwa daktari. Ulimpa tu njia ya kuita msaada. Maana kumfundisha peke yake hakukutosha: mama akitokwa na damu nyingi, au mtoto akikwama, semina haisaidii. Anahitaji dawa, damu, na chumba cha upasuaji.

Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 2001 ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya serikali. Karibu 2010 serikali ikapiga marufuku wakunga wa jadi kuzalisha. Takwimu za kitaifa zinaonyesha mabadiliko: mwaka 2011, watoto 57 kati ya 100 walizaliwa kwenye kituo cha afya, mwaka 2022 wakawa 91. Vifo vya wamama kwa kila vizazi hai 100,000 vilishuka kutoka 438 hadi 189. Tusiseme ni marufuku peke yake iliyofanya hivyo. Na 189 si namba ndogo, kila mmoja ana jina.

Tena marufuku hayakumaliza kazi ile, yaliificha. Kule milimani juu ya Mbale, mvua ikikata njia, jirani bado ndiye wa kwanza kuitwa. Kwa hiyo bado lazima mtu ajue kumchunguza mkunga, na sisi tusio na koko tunahitaji maswali. Haya tumeyatoa kwenye historia yenyewe.

Je, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na leseni yake bado ni hai? Mkunga wa kweli hakasiriki ukiomba kuiona. Ni mama gani anamkataa: mwenye presha, mapacha, aliyewahi kupasuliwa? Asiyekataa mtu yeyote, mkimbie. Damu isipokoma, ana dawa gani mkononi? Saa nane usiku anampigia dereva gani, na wanakwenda wapi? Kumbukeni kituo cha afya cha daraja la tatu kinazalisha, lakini upasuaji unaanzia daraja la nne. Na mwisho, mtasikilizana kwa lugha gani?

Tulimpata mmoja Jinja, amesajiliwa, ana kliniki ndogo, Kiswahili anakijua. Dada akamwomba amzalishie nyumbani. Akauliza, "Ni mimba ya ngapi, mwanangu?" Ya kwanza. Akatikisa kichwa: "Ya kwanza siizalishi nyumbani. Lakini nitakupeleka mimi mwenyewe, na nitawaeleza wewe ni nani." Dada alinuna. Sisi tulitoka pale tukijua tumempata, kwa sababu alikataa.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kutumia huduma hizo kama wengine, lakini haki hiyo haikutafsirii lugha. Kwa hiyo wawili wetu wanaojua Kiganda watakuwa zamu na dada mpaka siku ifike. Ndugu zetu wa mashirika, mkiuliza vijana wasaidieje, hapo ndipo pa kuanzia: mkalimani kwenye wodi ya wazazi.

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi tunaongeza: usiwatukane, lakini waulize. Namba ya dereva tumeshaibandika ukutani kwa dada, karibu na mlango.