Jinsi sumaku inavyoathiri nuru

MWALE wa tochi ukipitishwa hewani kando ya sumaku, hauonekani kupinda wala kubadilika rangi. Kwa sababu hiyo, watu waliamini kwa miaka mingi kwamba nuru na sumaku ni vitu viwili visivyohusiana kwa vyovyote.

Aliyevunja dhana hiyo ni Michael Faraday wa Uingereza, mwana wa mhunzi ambaye hakupata elimu ya juu, na ambaye ujanani alifanya kazi ya kujalidi vitabu jijini London.

Nuru husafiri kama mawimbi yanayotikisika katika pande nyingi. Hata hivyo, ikipitishwa katika kichujio maalum, hubaki ikitikisika katika mwelekeo mmoja tu. Mnamo Septemba 13, 1845, Faraday alipitisha nuru ya aina hiyo ndani ya vitu mbalimbali vilivyowekwa karibu na sumaku ya umeme yenye nguvu. Vingi havikuonyesha lolote.

Hatimaye alichukua kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi, alichokuwa amekitengeneza mwenyewe miaka mingi awali. Safari hii, mwelekeo wa mtikisiko wa nuru uligeuka. Sumaku ilipozimwa, ulirejea ulivyokuwa.

Kiasi cha kugeuka huko hutegemea nguvu za sumaku, urefu wa njia ambayo nuru hupitia na aina ya kitu chenyewe. Ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwelekeza James Clerk Maxwell kueleza, katika miaka ya 1860, kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku.

Faraday hakuridhika. Mnamo 1862, akiwa mzee aliyesumbuliwa na upungufu wa kumbukumbu, alijaribu kubaini iwapo sumaku inaweza kubadilisha rangi zinazotolewa na mwali wa moto. Hakuona badiliko lolote, kwani vyombo vyake havikuwa na uwezo wa kutosha. Aliaga dunia mnamo 1867 bila kupata jawabu.

Mholanzi Pieter Zeeman aliposoma habari za jaribio hilo, aliona kwamba jambo lililomshughulisha Faraday halikustahili kupuuzwa. Mnamo 1896, jijini Leiden, aliweka mwali wenye sodiamu katikati ya ncha za sumaku. Mistari myembamba ya rangi ya sodiamu ilipanuka na, katika majaribio ya baadaye, mistari ya namna hiyo ilionekana ikigawanyika.

Mwalimu wake, Hendrik Lorentz, alieleza kuwa ndani ya atomu mna chembechembe zenye umeme ambazo husukumwa na sumaku zinapotoa nuru. Chembechembe hizo ndizo elektroni. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mnamo 1902.

Maarifa hayo yalivuka mipaka ya maabara. Mnamo 1908, Mmarekani George Ellery Hale aliona mgawanyiko huo katika nuru ya madoa ya jua, akathibitisha kuwa madoa hayo yana sumaku yenye nguvu maelfu ya mara kuliko ya dunia. Aidha, mnamo 2021 wanasayansi walichunguza mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi yanayotoka kandokando ya shimo jeusi la galaksi ya M87, wakatambua mpangilio wa sumaku mahali hapo.

Hapa duniani, ugunduzi wa Faraday hutumika kulinda mitambo ya leza. Kifaa chenye sumaku hugeuza nuru kwa digrii 45 inapotoka. Nuru hiyo ikirudishwa nyuma, hugeuzwa digrii 45 nyingine kuelekea upande ule ule, na hivyo huzuiwa na kichujio isiharibu leza.

Vifaa vya namna hiyo hutumika katika mawasiliano ya nyaya za nuru, teknolojia iliyofika Mombasa kupitia chini ya bahari mnamo 2009 na kuharakisha huduma za intaneti nchini Kenya.