Kupimwa kwa Fahamu: Kutoka Glasgow Hadi Blantyre na Kilifi

Joto la mwili lina kipimajoto chake, na mapigo ya moyo huhesabika kwa vidole viwili na saa. Lakini kwa mtu aliyelala kitandani, pumzi zake zikienda naye akiitwa haitiki, matabibu wa zamani hawakuwa na njia ya hakika ya kusema kama leo yu karibu zaidi na walio macho kuliko alivyokuwa jana usiku. Kila mmoja alitumia ibara zake: huyu aliandika kwamba mgonjwa amezimia, yule kwamba amezimia nusu, na wa tatu kwamba amepumbaa, na muuguzi wa zamu ya alfajiri, akizisoma ibara hizo, hakuweza kujua kama mgonjwa amezidiwa au amepata nafuu, au kama ni waandishi wenyewe tu waliohitilafiana. Jambo hili si dogo, kwa sababu damu inayovuja ndani ya fuvu huuminya ubongo saa hadi saa, na katika dalili za mapema za hatari hiyo ni kule kudidimia kwa fahamu, ambako asiye na kipimo hukutambua wakati umekwisha pita.

Mji uliouondoa mchafuko huo ni Glasgow, katika nchi ya Uskochi, ambako majeruhi wa vichwa waliletwa kwa wingi katika hospitali ya Southern General, wengi wao wakiwa wamegongwa na magari au wameanguka. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bryan Jennett, aliyepewa uprofesa wa upasuaji wa ubongo mjini humo mwaka 1968, na ambaye mwaka 1972, pamoja na Mmarekani Fred Plum, alikwisha waeleza matabibu wenzake hali ya wale wanaofumbua macho baada ya kuumia ubongo, wakalala na kuamka, wala isionekane alama yoyote ya akili ndani yao. Yeye na Graham Teasdale, aliyekuwa mdogo wake katika kazi, walitoa kipimo chao katika jarida la Lancet mwezi wa Julai 1974, kikaitwa kwa jina la mji ule.

Wanafalsafa walikuwa wamebishana karne na karne juu ya dhati ya fahamu, wala mabingwa hawa wawili hawakujitia katika ubishi huo. Waliuliza mambo matatu tu: je, macho hufumbuka yenyewe, au kwa kuitwa, au kwa maumivu, au hayafumbuki kabisa, je, mgonjwa husema maneno yenye maana, akajua yupo wapi na mwezi gani, au hutoa sauti tupu, na je, mkono wake hutii amri, au huielekea sehemu inayoumizwa ili kuyaondoa maumivu, au hujikunja tu, au hujinyoosha, au hautikisiki. Baadaye majibu hayo yalitiwa namba zikajumlishwa, hata ikawa aliye macho na akili yake timamu hupata 15, na asiyejibu lolote hupata 3, kwa kuwa hata aliyezama kabisa hupewa moja katika kila swali. Wako wanaosifu namba zile. Mimi nasifu zaidi ule uamuzi wa kuandika kile tu kionekanacho kwa jicho na kisikikacho kwa sikio, ili profesa na mwanafunzi wa uuguzi, wakisimama mbele ya kitanda kimoja, waandike jambo moja. Ilimu ya ubongo imepata baadaye mitambo ya thamani kubwa, lakini chombo hiki kisichogharimu ila karatasi ndicho kilichoenea duniani.

Kilipofika kwetu Afrika, kikakutana na mgonjwa ambaye hakikuundwa kwa ajili yake. Wagonjwa wa Glasgow aghalabu walikuwa watu wazima waliovunjika vichwa. Wodi zetu zilijaa watoto wa miaka miwili na mitatu waliozimia kwa malaria iliyopanda ubongoni, na mtoto wa umri huo hata akiwa mzima hawezi kumwambia tabibu huu ni mwezi gani. Huko Adelaide, Australia, matabibu walikwisha jaribu mwaka 1982 kukigeuza kipimo kiwafae wadogo. Lakini kilichotufaa sisi kilitoka Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, ambako Malcolm Molyneux, Mwingereza, na Terrie Taylor, Mmarekani, pamoja na wenzao, walitoa mwaka 1989 habari za watoto 131 waliozimia kwa malaria. Kipimo chao huanzia 0 na kuishia 5. Tabibu huukandamiza ukucha wa mtoto kwa penseli, au mfupa wa kidari, akatazama kama mkono unakuja kuiondoa ile penseli au unavutwa tu. Husikiliza kama kilio ni kilio cha kweli au ni mguno. Na macho huyapima kwa kuangalia kama yanaufuata uso wa mama. Sijui kipimo kingine cha hospitali ambacho uso wa mama ni sehemu ya vyombo vyake. Mtoto apataye 2 au chini ya hapo huhesabiwa amezimia.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na maelezo yao juu ya maradhi haya. Mtoto akikakamaa na macho yakampinduka, ilisemwa ameingiwa na degedege, jambo la pepo ajaye kwa sura ya ndege, akafukizwa na kupelekwa kwa mganga. Na iliaminiwa na wengi kwamba sindano ya hospitali humuua mtoto mwenye hali hiyo. Sioni busara ya kuwacheka, maana waliwaona watoto wakifia hospitalini, wakaifungamanisha sindano na kifo, ilhali kilichoua ni kuchelewa.

Basi kuchelewa huko ndiko kipimo kilikosaidia kukufichua. Mle Blantyre ilidhihirika kwamba baadhi ya waliozimia walikuwa wamepungukiwa sukari katika damu, na kwamba hao walikufa zaidi ya wenzao. Nayo ni kasoro inayorekebishwa kwa dakika chache, ikiwa yupo wa kuitambua. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1989, mtafiti Kevin Marsh na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba dalili mbili, kupungua kwa fahamu na kupumua kwa shida, zatosha kuwabainisha wengi wa watoto walio katika hatari ya kufa, hata pasipokuwa na maabara. Kisha Elizabeth Molyneux, tabibu wa watoto na mkewe Malcolm, akaipanga upya, tangu mwaka 2001, sehemu ya mapokezi ya watoto huko Blantyre, ili mgonjwa mahututi aonwe kwanza badala ya kungoja zamu katika foleni. Na vifo vya watoto wodini vikapungua.

Bado ilibaki siri ya chanzo cha kifo chenyewe. Mwaka 2004 Taylor na wenzake walitangaza kwamba katika maiti 31 za watoto waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikuwa wameuawa na maradhi mengine, na kwamba alama iliyowatenga wakiwa hai ilikuwa katika utando wa nyuma ya jicho. Mwaka 2015, kwa picha za mtambo wa sumaku uliowekwa mle Blantyre, ikaonekana kwamba wengi wa waliokufa ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya mno.

Lakini aliyepona je? Hapa ndipo ninapoona wodi ya dharura na ilimu ya akili zimekutana barabara, ingawa kwa kuchelewa. Mtoto aliyefumbua macho, akanyonya na kutembea, alihesabiwa mzima, akaruhusiwa kwenda nyumbani na faili lake likafungwa. Watafiti wa Kilifi, na wale wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, waliwafuata watoto hao baada ya miaka, wakawapima kumbukumbu, lugha na makini, kwa mitihani iliyobidi kutengenezwa upya ili iwafae watoto wasiopata kuyaona yale yaliyochorwa katika vitabu vya Ulaya. Na katika waliozimia kwa malaria, karibu robo walionekana kuwa na upungufu katika akili au lugha, ambao mzazi hakuwa ameufungamanisha na ugonjwa ule. Nadhani wengi wao walichapwa darasani kwa uvivu.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe alipata kuzimia kwa malaria, na amwambie mwalimu habari hiyo siku anayomwandikisha shule. Na mwalimu naye akiona mtoto anasahau upesi au maneno yanamkawia, amwulize mzazi habari za homa ya utotoni kabla hajainua fimbo.