Unyayo wa Mtoto Mnene na Historia Yetu ya Kutembea

Leo tuzungumze juu ya unyayo wa mtoto mwenye uzito uliozidi. Najua wengine mtacheka, kwa maana hapa Kitui na Makueni tumezoea kuzungumza juu ya mtoto aliyekonda. Lakini mtoto mnene anayelalamika miguu, anayechoka kabla ya wenzake na kukataa kucheza kati, naye yupo. Ili tumwelewe, inafaa turudi nyuma kidogo.

Wakamba walijulikana kwa kutembea. Katika karne ya 19 misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa kwa miguu. Kiongozi mmoja wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf. Mwezi wa Julai 1938, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikichukua ng'ombe wa watu kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos hadi Nairobi kumlalamikia gavana. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos. Hiyo ni safari ya kilomita 60 hivi, mama, na watoto walikuwemo.

Siku za kawaida pia zilikuwa za kutembea: mtoni kuteka maji, malishoni, shuleni. Mtoto alikwenda pekupeku au kwa akala. Sisifu miiba, funza na minyoo. Viatu ni vizuri. Lakini unyayo ulifanya kazi tangu utotoni, ukakomaa.

Historia hiyo hiyo ilitufundisha jambo la pili: kuogopa wembamba. Wazee wetu waliipa kila njaa jina. Kulikuwa na Ngomanisye mwishoni mwa miaka ya 1890, Atta mwaka 1961, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, kwa sababu chakula cha kununua hakikuwepo. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 46 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa Kitui walikuwa wamedumaa. Ndiyo maana mtoto akinenepa tunamshukuru Mungu. Hata sisi wauguzi, ule utepe tunaozungusha mkononi mwa mtoto una nyekundu, manjano na kijani, na hakuna rangi ya unene. Mtoto mzito kupita kiasi hupata kijani na kurudi nyumbani.

Kisha kutembea kukapungua. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikafika hadi kijijini. Shuleni, saa ya mazoezi ya mwili ilikuwa kwenye ratiba, lakini mara nyingi ililiwa na hesabu kwa ajili ya KCPE, hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Soda na chipsi zikasogea karibu na lango la shule. Utafiti uliofanywa Nairobi miaka ya 2011 hadi 2013 miongoni mwa watoto wa miaka 9 hadi 11 ulikuta takriban mmoja kati ya watano ana uzito uliozidi. Hiyo ni Nairobi, lakini yanayoanza Nairobi hufika Emali na Mwingi bila kuchelewa.

Sasa tuutazame unyayo wenyewe. Mifupa ya mguu wa mtoto huanza ikiwa laini, kama gegedu la sikio, na hukomaa polepole. Unyayo wa mtoto mdogo huwa bapa, usihangaike. Upinde hujitokeza kadiri anavyokua, na wengi huwa nao wakifika miaka sita au zaidi. Uzito ukizidi, unyayo hukandamizwa kila hatua, na upinde unaweza kubaki chini. Kisigino huuma, magoti hugongana, na mtoto hutembea akitanua miguu. Kwa kuwa anaumia, anakaa. Kwa kuwa anakaa, uzito unaongezeka. Mama, huyo si mvivu. Usikubali aitwe majina.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko mengine yote. Mtoto mnene wa miaka 9 hadi 16 akianza kuchechemea, au akisema paja au goti linauma, anaweza kuwa na tatizo la nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja huteleza kutoka mahali pake, na maumivu husikika gotini, kwa hiyo watu hukanda goti bure. Usimpeleke kwa mkandaji. Asikanyage mguu huo. Abebwe siku hiyo hiyo hadi hospitali yenye eksirei, na uombe nyonga ipigwe picha, si goti peke yake. Akichelewa anaweza kubaki kilema.

Kwa uzito wenyewe, usimnyime chakula. Anaendelea kurefuka, kwa hiyo mara nyingi inatosha uzito usipande mbio. Mpe isyo, ndengu, mboga na maji, na soda ibaki ya sikukuu. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kama shule iko karibu na njia ni salama, atembee na wenzake. Aliye na maumivu aanze na mwendo mfupi, mkiongeza kila wiki.

Ukienda kununua viatu vya shule Januari, nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Msimamishe, asikae. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako, na pembeni kiatu kisimbane. Mtoto mnene mara nyingi huhitaji kiatu kipana, si kirefu zaidi.