Nasaba Yako na Baraza la Ukoo

Watu wengi hudhani kwamba historia ni mali ya wafalme, majemadari na wasafiri mashuhuri, na kwamba mtu wa kawaida hana lake ndani yake ila kusoma tu habari za wengine. Dhana hiyo si kweli. Ukiulizwa jina la babu yako, msomaji kijana, utajibu upesi. Ukiulizwa jina la baba yake babu, utafikiri kidogo. Ukiulizwa jina la mama yake huyo, na mahali alikotoka alipoolewa, huenda ukanyamaza kabisa. Wazee wetu hawakunyamaza. Lugha yetu yenyewe yatoa ushahidi, maana ina neno mjukuu, kisha kitukuu, kisha kilembwe, kisha kilembwekeza. Maneno hayo yasingalizaliwa kama watu hawakuwa na haja ya kuhesabu mbali hivyo.

Basi mtu atajifunzia wapi kazi ya kutafuta nasaba yake? Chuo kilicho karibu nawe ni baraza la ukoo. Katika nchi ya Kenya kila watu wana jina lao la jamaa hii kubwa: Wakikuyu husema muhiriga na mbari, Waluo husema dhoot na anyuola, na Waswahili wa pwani husema ukoo na mlango. Tangu siku za ukoloni, watu waliokwenda kufanya kazi mijini waliunda vyama vya koo zao ili wasaidiane katika misiba, karo za shule na safari za kurudi nyumbani. Hata leo, likizo ya Desemba ifikapo, jamaa nyingi hukutana chini ya mti au hema, huchanga fedha, huamua magomvi, na hujulishana watoto. Vijana wengi hukaa pembeni wakingoja chakula. Lakini humo, katikati ya maneno ya michango na mazishi, hutajwa majina ambayo hayakuandikwa mahali popote.

Faida ya baraza ni kwamba mzee hasemi peke yake. Akisema kwamba fulani alizaa wana watatu, mwingine atamkatiza na kusema walikuwa wanne, wa nne alihamia ng'ambo ya mto. Mabishano hayo yasikuchoshe, kwa kuwa kila yanapotokea pana jambo la kuchunguzwa. Hata hivyo baraza lina udhaifu wake. Mzee mwenye cheo au mali aweza kuwanyamazisha wengine kwa kikohozi tu, na mjane mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wote aweza kukaa jikoni asiulizwe neno. Kwa hiyo sikiliza barazani, kisha watembelee watu majumbani mwao mmoja mmoja, kwa adabu na kwa ruhusa.

Usidhani kwamba kazi hii ni mchezo wa watoto. Palikuwa na wakati ambapo wataalamu wengi waliamini kwamba mahali pasipo na maandishi hapana historia. Bethwell Ogot, aliyezaliwa Gem katika mwaka 1929, hakukubali. Alikusanya masimulizi na nasaba za koo za Waluo, akazilinganisha moja kwa nyingine, na mwaka 1967 kilitoka kitabu chake juu ya kuhama na kukaa kwa Waluo wa Kusini kutoka mwaka 1500 hadi 1900. Mwaka huo huo Gideon Were alitoa historia ya Abaluyia, na mwaka 1974 Godfrey Muriuki akatoa historia ya Wakikuyu. Katika Ulaya, Jan Vansina alikuwa ameeleza tangu mwaka 1961 kanuni za kupima masimulizi ya mdomo. Vitabu hivyo vinavyosomwa vyuo vikuu vilianzia mahali pale pale utakapoanzia wewe, yaani mzee mmoja, swali moja na daftari.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Anza na nafsi yako, upande juu ngazi kwa ngazi. Usianze na mtu mkuu wa zamani ukashuka, maana utashawishika kujiunganisha naye. Kwa kila jina uliza mambo manne: alikuwa mwana wa nani, mama yake alikuwa nani, aliishi wapi, na aliishi wakati gani. Kando ya kila jibu andika jina la aliyekuambia na tarehe aliyokuambia. Watu wawili wakipingana, usichague mmoja ukamfuta mwenziwe. Andika maneno ya wote wawili. Huenda miaka kumi baadaye atatokea wa tatu atakayewapatanisha.

Swali la wakati ndilo gumu kuliko yote. Wazee wengi hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa mambo makubwa yaliyowapata. Nyanya aweza kukuambia, "Mama yangu alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wakati wa njaa kuu." Usiandike kwamba hajui. Uliza ni njaa gani. Wakamba huikumbuka Ngomanisye na Wakikuyu huikumbuka njaa ya Ruraya, na zote mbili ni za miaka ya mwisho ya karne ya 19, ndui ilipoandamana na ukame. Kama msichana huyo alikuwa na umri wa miaka minane au kumi hivi, basi alizaliwa karibu na mwaka 1890. Ziko alama nyingine nyingi: reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, vita vya mwaka 1914 hadi 1918, vilivyochukua wapagazi wengi wasirudi, na ambavyo jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor, homa kuu ya mwaka 1918, na Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Jitengenezee orodha ya alama za wilaya yako kabla hujaenda kuuliza.

Rika nalo ni kalenda, lakini ni kalenda yenye mtego. Miongoni mwa Wanandi majina ya marika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, kisha Maina tena. Mzunguko mmoja huchukua kiasi cha miaka mia moja. Ukisikia kwamba mtu fulani alikuwa wa rika la Sawe, huna budi kuuliza ni Sawe ya mzunguko gani, la sivyo utakosea kwa karne nzima. Mahali ambapo hapana alama yoyote, watafiti hukadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25 hadi 30. Kwa hesabu hiyo vizazi vinane ni kama miaka 200 hadi 240. Makadirio hayo ni fimbo ya kuegemea gizani, nayo hayawezi kushika mahali pa taa.

Majina pia yataka uangalifu. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Tuseme Kamau alimzaa Njoroge, Njoroge akamzaa Kamau, na huyo Kamau akamzaa Njoroge. Msimulizi aliyechoka, au msikilizaji mwenye haraka, ataona watu wawili mahali walipo wanne, na vizazi viwili vitapotea. Kwa Waluo jina aghalabu hutokana na wakati wa kuzaliwa: Otieno wa usiku, Okoth wa mvua. Katika ukoo mmoja waweza kuwako akina Otieno kumi, na hakuna ajuaye ni yupi asipotajiwa baba yake na mama yake.

Hapo ndipo tunapofikia kosa kubwa la nasaba nyingi zilizoandikwa, nalo ni kuwasahau wanawake. Mtu hupewa orodha ndefu ya wanaume waliozaa wanaume, kana kwamba hapakuwa na mama hata mmoja. Lakini katika mji wa Mluo mwenye wake wengi, nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, ilikuwa na mahali pake, na ya wa pili, nyachira, mahali pake. Na mara nyingi ukoo ulipogawanyika uligawanyika kwa kufuata nyumba za mama. Asiyejua jina la mama hawezi kueleza kwa nini ndugu wawili wa baba mmoja walikaa vilima viwili mbalimbali. Zaidi ya hayo, wanawake waliolewa kutoka mbali, na kwa njia yao damu ya watu wengi imo ndani ya kila mmoja wetu. Wengi wanaojigamba kwa kabila moja tupu wangalipunguza majigambo yao kama wangaliuliza habari za nyanya zao.

Baada ya kusikia, tafuta karatasi. Makanisa huweka vitabu vya ubatizo na ndoa, shule huweka madaftari ya wanafunzi, na katika nyumba nyingine za pwani zimehifadhiwa shajara zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya vita, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, na vichache vya vipande hivyo vingali masandukuni. Nyaraka za serikali zimewekwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Lakini karatasi nayo husema uongo. Karani aliandika jina kama lilivyompigia sikioni, na umri kama alivyoukadiria kwa macho. Ipime karatasi kwa neno la mzee, na neno la mzee kwa karatasi.

Yote niliyoyasema mpaka sasa ni ufundi, na ufundi hujifunzika. Liko jambo zito zaidi, nalo ni uaminifu. Nasaba si hadithi ya kupitisha jioni tu. Ni hoja ya ardhi, ya urithi na ya heshima. Tume ya Ardhi ya Kenya ilipoteuliwa mwaka 1932, chini ya uenyekiti wa Sir Morris Carter, wazee Wakikuyu walieleza mbele yake jinsi mbari zao zilivyopata mashamba yaliyochukuliwa na walowezi. Babu aliyetajwa hapo alikuwa shahidi, na madai yao yalikuwa ya kweli na ya uchungu. Lakini kwa sababu jina laweza kuleta shamba, laweza pia kuongezwa au kufutwa kwa ajili ya shamba. Kila unaposikia nasaba, jiulize kimya kimya: nani anafaidika ikiwa hivi, na nani anapoteza?

Hata mtu mwema aweza kupotezwa na hamu yake. Alex Haley, Mmarekani mweusi, alifika kijiji cha Juffure katika Gambia mwaka 1967, akasimuliwa habari za kijana aliyetekwa, na kitabu chake cha mwaka 1976 kiliwatia moyo mamilioni ya watu kutafuta asili zao. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba habari za jambo alilolitafuta zilikuwa zimekwisha tangulia kufika, na kwamba mzee aliyemsimulia hakuwa na mafunzo ya wasimulizi wa jadi. Fundisho ni hili: usimwambie mzee jibu unalolitamani. Mpe swali, kisha unyamaze.

Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hupendwa sana barazani, lakini yafaa ipimwe. Karibu na Mombasa, mwaka 1875, wamisionari waliwaweka Frere Town watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, miongoni mwao Wayao, Wanyasa na Wamakua. Wengine walikuwa wamepitia Nasik katika Bara Hindi. Wengi walitekwa wakiwa watoto, wakapewa majina mapya katika ubatizo. Hao hawakuacha asili, walinyang'anywa. Na si wao peke yao. Katika koo nyingi za bara wamo wazao wa watoto waliookotwa wakati wa njaa, wa mateka, na wa wageni waliopokewa wakawa ndugu. Siku moja wewe nawe utakuta jambo la namna hiyo katika daftari lako, na jirani yako barazani ndiye mzao wake.

Utafanyaje? Kulifuta ni kuidhulumu historia. Kulitangaza mbele ya watu ili kumtahayarisha aliye hai ni kuudhulumu utu. Njia iliyo sawa ni kuliandika kama ulivyoambiwa, kulihifadhi, na kumwendea kwanza yule limhusulo, ili yeye aamue lisomwe au lingoje. Na ukumbuke kwamba ukoo uliompokea mtoto wa njaa ukamwita mwana una sababu ya kujivunia kuliko kujificha.

Basi likizo ijayo nenda barazani na daftari lako, wala usikae pembeni. Keti karibu na wale walio wazee kuliko wote, uwaulize mapema, kwa maana mzee hufa pamoja na majina ambayo hakuulizwa. Ukimaliza, nakili kazi yako upya kwa mwandiko safi, uirudishe mbele ya ukoo, isomwe kwa sauti, isahihishwe. Umepewa na wengi, nayo ni haki ya wengi. Acha kurasa nyingine nyeupe mwishoni mwa daftari, ziwe za watakaouliza baada yako.